Maandishi Yaliyofagiwa

Kofia ya Zaituni Mbena ililetwa mezani kwangu Jumatatu saa mbili asubuhi, bado ina vumbi la zege, imebandikwa kikaratasi cha Injinia Kalokola: "Mama Mloka, thibitisha kwamba kioo ni kizima. Nataka sahihi yako kabla ya saa sita." Hakuna salamu wala pole. Mtu amekatwa mguu Ijumaa, na bosi wangu anataka sahihi kabla ya chakula cha mchana.

Mimi ni mchoraji wa majengo. Siku hizi hakuna fundi anayekunjua karatasi kwenye saiti. Anashusha kioo cha kofia mbele ya macho, na mchoro unajilaza juu ya jengo lenyewe. Mstari wa ukuta unakaa pale ukuta utakapojengwa, bomba linaonekana ndani ya sakafu kabla halijanunuliwa, na penye hatari panaandikwa kwa herufi nyekundu. Kioo kisipoonyesha kinachotakiwa kuonekana, naitwa mimi. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, na sijawahi kushindwa na kioo.

Habari ya Ijumaa tuliijua wote. Kampuni yetu inajenga hosteli ya wauguzi ya ghorofa sita hapa Morogoro. Zaituni, mkata zege, alikuwa ghorofa ya tatu akitoboa sakafu ili bomba lipite. Ndani ya sakafu ile kuna nyaya nene za chuma zilizovutwa na kukazwa, ndizo zinazoibeba. Mashine yake ikaukata mmoja. Kipande cha sakafu kikashuka, kikamwangukia mwenzake, Lwena, aliyekuwa chini akisubiri kupokea bomba, kikamponda mguu. Ofisi ilisema ilani ilikuwepo kwenye mchoro na Zaituni alizembea. Jumanne angekuja mkaguzi wa serikali. Akikubaliana na ofisi, Zaituni angenyang'anywa leseni na kupelekwa mahakamani.

Nami nikiri hapa hapa: nilipoishika ile kofia nilikuwa nimemkasirikia yeye. Nilijisemea, ilani nyekundu, herufi kubwa, na mtu anatoboa tu. Nikafungua mchoro kwenye meza yangu ya skrini, na ilani nikaiona bila kuitafuta: NYAYA ZILIZOKAZWA. USITOBOE. Nikavaa kofia ili nimalize kazi, nikaita ghorofa ya tatu, nikasogea mpaka pale pale.

Sakafu tupu. Palikuwa na duara la kijani, alama ya kutoboa hapa, basi.

Nikavua kofia, nikatazama meza. Ilani ipo. Nikavaa. Haipo.

Nilianza na makosa ya kawaida, kwa sababu maandishi yakipotea kwenye mchoro, mara nyingi ni jambo dogo. Mchoro una matabaka, la kuta, la mabomba, la maandishi, na huenda tabaka limezimwa. Halikuzimwa. Huenda limegandishwa kwa wakata zege peke yao, yaani mimi naliona na wao hawalioni. Halikugandishwa. Huenda rangi ya herufi imefanana na ya zege. Ilikuwa nyekundu ya kuchoma macho. Huenda herufi zimewekwa ndogo kama punje za ulezi. Zilikuwa kubwa, hata mwenye chongo angezisoma.

Ikabaki orodha ya skeli. Kila andiko kwenye mchoro hupewa orodha ya skeli ambazo linaruhusiwa kuonekana. Ukitazama mchoro kwa moja kwa hamsini, yanatokea maandishi yenye moja kwa hamsini kwenye orodha yao, na mengine yanajificha. Bila utaratibu huo, mchoro wa jengo zima ungekuwa kichaka cha herufi. Injinia akiwa ofisini hutazama kwa moja kwa hamsini, au moja kwa mia. Lakini kioo cha mtu aliyesimama juu ya sakafu yenyewe hakipunguzi kitu. Kinatazama kwa saizi halisi. Andiko ambalo halina saizi halisi kwenye orodha yake, kibarua hataliona hata akodoe macho mpaka yamtoke.

Nikafungua orodha ya ile ilani. Moja kwa hamsini. Moja kwa mia. Saizi halisi ilikuwa imeondolewa.

*

Zaituni mwenyewe alikuja saa nne. Alisimama mlangoni, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mabega mapana ya mtu anayebeba mashine, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pita ukae."

"Sikai. Nimeambiwa kofia yangu iko kwako. Nimekuja kuuliza kama imekutwa na kosa."

Nilikuwa bado natafuta namna ya kusema.

"Mimi sijui mambo yenu ya kompyuta," akaendelea, "lakini kusoma najua. Baba yangu alikuwa mwalimu, nyumba nzima tulisoma mpaka maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Nilisoma kila kitu kilichokuwa pale chini. Kulikuwa na duara la kijani. Sasa wananiambia kulikuwa na maneno. Nimeenda hospitali jana, Lwena ananiuliza, Zai, kweli uliyaona ukayapuuza? Lwena! Tumefanya kazi pamoja miaka saba, nimemsimamia harusi yake, leo ananiangalia kama mchawi. Mama, hata mimi nimeanza kujiuliza. Usiku nikifumba macho nayaona hayo maneno ambayo sikuyaona."

"Hukuyaona kwa sababu hayakuonyeshwa," nikasema.

Kisha akaja, akaketi kwenye kile kiti alichokikataa, akaweka uso kwenye viganja. Hakulia. Alikuwa anapumua tu, kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Utawaambia hivyo kesho?"

"Nitawaambia."

Nilisema bila kuwaza mara mbili. Wakati ule nilidhani ni jambo la kusema tu.

*

Alipoondoka nikataka kujua ni ilani ngapi nyingine zilizopotea namna ile. Kuna kitufe ambacho sisi wachoraji tunacho peke yetu. Kinaitwa Onyesha Yote. Ukikibonyeza, mchoro unapuuza orodha za skeli na kutoa kila andiko lililomo. Nikavaa kofia ya Zaituni, nikabonyeza, nikaanza kutembea ndani ya jengo nikiwa nimeketi kwenye kiti changu.

Ghorofa ya kwanza, kwenye nguzo ya nne: "Zege halikufikia nguvu. Kupima upya kabla ya kuongeza uzito." Kwenye ngazi: "Kingo bado. Watu wasipite." Ghorofa ya pili, juu ya mlango wa lifti: "Ukaguzi umeahirishwa, endeleeni." Ghorofa ya nne, sehemu tatu, ilani ile ile ya nyaya, na juu ya kila ilani duara la kijani la kutoboa. Ghorofa ya nne ndiyo iliyokuwa kwenye ratiba ya kesho.

Ilani zilizofichwa zilikuwa mia nne na kumi na nane. Pembeni mwa ilani ya Zaituni kulikuwa na dokezo fupi la ofisini, ambalo nalo lilitakiwa lisionekane: "Liondolewe saizi halisi. Wakiliona watasimamisha kazi."

Nilisoma mara tatu. Niliwahi kusikia matusi mengi kwenye saiti, sijawahi kusikia tusi kama lile. Maana walijua. Walijua nyaya zipo, wakaandika ili yakitokea ya kutokea waseme waliandika, kisha wakahakikisha mwenye mashine haoni. Mwandishi wa ilani, injinia, mkaguzi, hata mlinzi wa getini akifungua mchoro kwa moja kwa hamsini angeiona. Aliyefichwa ni yule mmoja tu ambaye ingemfaa! Nilipiga meza kwa ngumi mpaka kikombe kikadondoka.

Halafu nikaona mstari mdogo wa kijivu chini ya kila andiko. Onyesha Yote huonyesha yote kweli, pamoja na kumbukumbu za nani alifanya nini.

"Imeandikwa: Ofisi ya Mhandisi. Imefichwa: Y. Mloka."

Yustina Mloka ni mimi.

Kila Alhamisi alasiri idara yetu hufagia. Ndivyo tunavyoita. Michoro hukusanya skeli zisizotumika, inakuwa mizito, vioo vinakwama. Basi ofisi ya mhandisi hutuletea mchoro, zile skeli za kuondolewa zikiwa zimepakwa manjano, nasi tunazifagia. Kuna redio, kuna maandazi, kuna kushindana nani kamaliza kwanza. Unaweza kufuta moja moja huku ukisoma andiko lenyewe, au unaweza kuchagua za manjano zote na kubonyeza mara moja. Hakuna anayefuta moja moja. Anayefanya hivyo tunamcheka, tunamwambia anachambua mchele. Mimi nilikuwa bingwa wao. Michoro yangu ilikuwa myepesi kuliko yote, picha yangu imetundikwa kwenye ukumbi wa chakula, nimeshika ufagio wa dhahabu wa plastiki, nacheka meno yote nje.

Niliitafuta ile Alhamisi kwenye kumbukumbu. Saa tisa na dakika arobaini na mbili. Maandiko mia tisa na sita, ilani na yasiyo ilani, kwa kubonyeza mara moja.

*

Injinia Kalokola si mtu wa kupaza sauti. Ni mtu mwenye adabu, anakufungulia mlango, anakuuliza hali ya watoto kwa majina yao. Aliposikia nimekuja bila karatasi ya sahihi, aliniagizia chai.

"Mama Mloka, kwani watu wa ukaguzi wameomba nini? Wameomba jibu la swali moja. Je, ilani ilikuwemo kwenye mchoro? Ilikuwemo. Umeiona kwa macho yako. Hakuna anayekuomba useme uongo."

"Haikuwemo kwenye kioo chake."

"Hawajauliza kioo."

"Injinia, kuna sehemu tatu ghorofa ya nne zina nyaya, na kesho zinatobolewa. Zina duara la kijani. Toa idhini zirudishiwe saizi halisi sasa hivi."

"Zitashughulikiwa." Alikoroga chai yake. "Unajua ukirudisha maandishi yote kwenye vioo kitatokea nini? Kibarua mmoja atasoma zege halikufikia nguvu, hajui nguvu ni nini, atatupa koleo. Atamwambia mwenzake. Ujenzi utasimama mwaka mzima, wauguzi walale wapi? Kuna maneno ya kitaalamu na kuna watu wa kuyaelewa. Sisi tunawalinda na hofu."

"Lwena mmemlinda na hofu?"

Uso wake ukabadilika kidogo, nikadhani nimemgusa. Lakini alikuwa anatafuta tu njia nyingine.

"Mimi nakuonea huruma wewe," akasema taratibu. "Umetazama kumbukumbu? Ofisi ya Mhandisi imeandika ilani. Hilo ndilo jukumu letu, tumelitimiza. Anayeonekana kuificha ni mtu mmoja, na ana jina. Mara mia nne na kumi na nane."

"Nyinyi ndio mliopaka manjano!"

"Manjano hayahifadhiwi kwenye kumbukumbu, mama. Yakishafagiwa yanaondoka." Akanisogezea karatasi. "Weka sahihi, na kumbukumbu tutaisafisha wiki hii. Ukikataa, sitaweza kukusaidia."

Ningependa kuandika kwamba niliichana karatasi. Niliikunja, nikaitia kwenye mkoba, nikaenda nayo nyumbani. Nina mama mgonjwa na mwanangu mmoja yuko chuo cha uuguzi, na sikuwa shujaa jioni ile. Nilikasirika tu. Nilimkasirikia Kalokola na chai yake. Nikaukasirikia mtambo, ambao uliweka jina la kidole kilichobonyeza na kusahau mkono uliopaka rangi. Kisha nilipokuwa nakuna nazi, nikagundua kwamba kila hasira niliyoipanga inanipita mimi pembeni kwa adabu, na hiyo ikanikasirisha kuliko zote.

*

Jumanne asubuhi tulikutana ghorofa ya tatu, karibu na shimo. Wingu lilikuwa limeshuka kwenye milima ya Uluguru na sakafu ilikuwa na unyevu. Mkaguzi, Bi. Nkwabi, alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kawaida, daftari la karatasi na kalamu mbili. Kalokola alisimama kushoto kwake. Zaituni alisimama peke yake upande wa pili wa shimo, na kofia yake, ambayo nilikuwa nimeirudisha, ameikumbatia kifuani. Juu yetu, ghorofa ya nne, watu walikuwa wanafunga mashine za kutobolea. Nilizisikia zikiburutwa.

"Nitasoma maelezo ya kampuni," Bi. Nkwabi akasema, "kisha mchoraji atajibu." Akasoma bila kupandisha wala kushusha sauti: "Mfanyakazi Zaituni Mbena alishindwa kusoma ilani iliyokuwa mbele ya macho yake, akatekeleza kazi kwa mazoea, na uzembe huo ukamsababishia mwenzake ulemavu."

Zaituni alitazama chini.

"Mama Mloka. Ilani hiyo ilikuwemo kwenye mchoro? Ndiyo au hapana?"

"Ilikuwemo," nikasema.

Kalokola akashusha pumzi. Zaituni akainua uso, akaniangalia, na sitaki kuelezea aliniangaliaje.

"Naomba niongeze."

"Swali lilikuwa la ndiyo au hapana," Kalokola akasema.

Juu, mashine ya kwanza ikawashwa. Ikanguruma, ikatulia, fundi akawa anaijaribu tu. Pale pale nikaona Lwena mwingine yuko chini ya ile sakafu, yaani sisi. Sisi wanne tulikuwa tumesimama chini ya duara la kijani. Kalokola alijua hilo? Sidhani. Nadhani naye alikuwa amezoea kutazama kwa moja kwa hamsini.

Nilikuwa na meza ndogo ya mkononi, skrini ya kubebea michoro. Nikafungua Onyesha Yote. Kawaida hufanya kazi kwenye kioo changu peke yake, lakini mchoraji wa zamu ana uwezo wa kuituma kwa saiti nzima, na zamu ilikuwa yangu. Mtambo ukaniuliza kama nina uhakika. Vioo mia mbili na kumi. Kalokola aliona kioo cha meza yangu, akasema, "Mama, fikiria watoto," nami nikabonyeza.

Mashine ya juu ikazimika. Mtu mmoja huko juu akapiga yowe la mshangao, akaita, "Tokeni hapo! Tokeni!" Kwenye ngazi ya kusini mashine ya kuchanganya zege ikanyamaza. Kisha nyundo za ghorofa ya tano. Sikuwahi kulisikia jengo lile likiwa kimya mchana. Halafu zikaanza sauti za watu, watu wazima wanasoma kwa sauti kila mmoja mahali pake, wengine wakisoma pole pole kwa kuunganisha silabi, zege halikufikia, kingo bado, ukaguzi umeahirishwa, na wengine wakiwaita wenzao waje waone.

"Nini hiki?" Bi. Nkwabi akauliza.

"Ndicho nilichotaka kuongeza," nikasema. Nikamweleza orodha ya skeli, ofisini na kwenye sakafu, nani anaona nini. Nikamweleza kufagia. Nilijua nazungumza haraka kupita kiasi. Kalokola alikuwa tayari ameshika simu, anatafuta mtu wa kumpigia.

Zaituni alikuwa amevaa kofia yake. Alipiga magoti ukingoni mwa shimo, kioo kimeshuka, na akaweka mkono kwenye zege kana kwamba anagusa maneno yenyewe.

"Nyaya zilizokazwa," akasoma. "Usitoboe." Akasoma tena. Kisha akasoma dokezo, lile la watasimamisha kazi, na mkaguzi akaandika neno kwa neno. Sauti yake ikashuka. "Imeandikwa, Ofisi ya Mhandisi. Imefichwa, Y. Mloka."

Akanyanyua kioo.

"Y. Mloka ni nani?"

Alikuwa anajua. Alitaka niseme.

"Ni mimi."

"Walikulazimisha?"

"Hapana. Walipaka manjano, mimi nikabonyeza. Nilikuwa nabonyeza kila wiki."

"Sasa ulipokuwa unaifuta hii," akauliza, na hakuwa na hasira, laiti angekuwa nayo, "uliisoma kwanza?"

Niliwaza kumwambia kwamba zilikuwa mia tisa. Niliwaza kumwambia hakuna anayesoma, kwamba ndivyo idara nzima inavyofanya. Yote yalikuwa kweli, na yote yalinuka chai ya Kalokola.

"Sikuisoma," nikasema.

Bi. Nkwabi alikuwa ameweka kalamu juu ya yale maelezo ya kampuni, tayari kuyapiga mstari.

"Usiifute hiyo sentensi, mama mkaguzi," Zaituni akasema. Alisimama, akajipangusa vumbi magotini. "Ya kushindwa kusoma ilani, na mazoea, na uzembe, na Lwena. Iko sawa yote. Badilisha jina tu."

Mkaguzi akanitazama. Nikamwambia aandike, nikamtajia herufi za jina langu kamili, moja baada ya nyingine, ili asikosee.